Namna ya Kujiandaa kwa Safari ya Bonde la Hunza

Bonde la Hunza liko kaskazini kabisa mwa Pakistani, katika eneo la Gilgit-Baltistan, ambako milima ya Karakoram imebanana kiasi kwamba mto, barabara na vijiji hugawana ukanda mwembamba wa ardhi. Mvua ni haba mno. Bustani za aprikoti, tufaha, cheri na jozi zinazoupendezesha ukanda huo huishi kwa maji yanayoyeyuka kutoka mito ya barafu iliyo juu yake, na ni barafu hiyohiyo inayoamua lini barabara ipitike na lini daraja lichukuliwe na mafuriko. Kwa hiyo mgeni apange safari yake kwa kuufuata mwendo wa maji, si kwa kufuata tarehe za likizo peke yake.

Jambo la kwanza ni majira. Maua ya aprikoti huchanua kuanzia mwishoni mwa Machi hadi katikati ya Aprili, yakianzia vijiji vya chini na kupanda kidogokidogo kuelekea vile vya juu, hivyo aliyechelewa Karimabad, mji mkuu wa bonde, bado anaweza kuyakuta mbele zaidi, upande wa Gulmit na Passu. Matunda huvunwa katikati ya kiangazi, na huo ndio wakati wa kuona aprikoti zilizopasuliwa na kutolewa kokwa zikianikwa juu ya mapaa bapa ya nyumba. Hata hivyo, Julai na Agosti ni miezi ya mvua kubwa katika sehemu za kusini ambamo barabara hupita, na maporomoko ya mawe huwa mengi. Kwa maoni yangu, anayeweza kwenda mara moja tu achague nusu ya kwanza ya Oktoba: anga huwa safi, tufaha zimeiva, majani ya miti yameanza kugeuka manjano na mekundu, na baridi bado inavumilika. Majira ya baridi kali hayamfai mgeni wa mara ya kwanza, kwa sababu hoteli nyingi hufungwa na maji huganda mabombani.

Viza ya Pakistani huombwa kwa njia ya intaneti, na ni vyema kuishughulikia mapema. Anayetoka Kenya, Uganda au Kongo asisahau kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Chapisha nakala kadhaa za pasipoti na viza, kwa kuwa njiani kuna vizuizi ambapo wageni huandikishwa, na kumkabidhi askari nakala ni haraka kuliko kusubiri anakili kila kitu kwa mkono.

Kutoka Islamabad unaweza kuruka hadi Gilgit, lakini ndege hupita kati ya milima na safari huahirishwa mara kwa mara hali ya hewa inapochafuka. Wengi huenda kwa Barabara Kuu ya Karakoram, au kwa njia fupi ya Naran inayopita Babusar, kwenye kimo cha mita 4,173, ambayo hufunguliwa miezi ya joto tu. Usiikamilishe safari hiyo kwa siku moja, na usikubali kusafiri usiku hata dereva akikuhakikishia kwamba anaijua kila kona. Lala njiani, Naran au Chilas. Milima ya huko haijatulia: tarehe 4 Januari 2010 maporomoko ya ardhi yaliua watu katika kijiji cha Attabad na kuuziba Mto Hunza, likatokea ziwa lililozamisha vijiji na barabara, na kwa miaka mitano watu na mizigo walivushwa kwa mashua hadi mahandaki yalipofunguliwa mwaka 2015. Leo mgeni huyaona maji yake ya samawati na kupiga picha. Ni vizuri akumbuke kilichomo chini yake.

Karimabad, iliyo takribani mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, ndiyo kituo kizuri cha kukaa. Tembelea Ngome ya Baltit, iliyokarabatiwa na taasisi ya utamaduni ya Aga Khan na kufunguliwa kwa wageni mwaka 1996. Msomaji wa Dar es Salaam, Nairobi au Mombasa anayeijua hospitali au shule yenye jina hilo atalikuta huko pia, kwa kuwa wakazi wengi wa Hunza ni Waismaili, Waislamu wa Shia ambao Aga Khan ndiye imamu wao. Ng'ambo ya mto, upande wa Nagar, husimama Rakaposhi, mlima wa mita 7,788. Kutoka mtoni hadi kileleni ni karibu kimo chote cha Kilimanjaro kikipimwa kutoka baharini.

Usiende Khunjerab, mpakani mwa China, siku unayofika. Njia hiyo hufikia mita 4,693, na gari hukupandisha kwa saa chache tu. Zoea kwanza kimo cha Karimabad kwa siku mbili au tatu, kisha ulale Passu au Sost. Kichwa kikiuma sana na kichefuchefu kikianza, mwambie dereva ageuze gari mara moja.

Bustanini, tembea kando ya mifereji, ambayo hufanya kazi ileile ya mifongo ya Wachagga. Maji yake ni ya kijivu, yamejaa vumbi la mwamba linalometameta. Usiyanywe bila kuyachuja na kuyachemsha, wala usiusogeze mlango wa mfereji, kwani kila familia ina zamu yake ya kumwagilia. Usichume tunda bila kuomba. Ukiomba, mara nyingi utajaziwa viganja vyote viwili. Mbegu za ndani ya kokwa za aprikoti zilizo chungu zina sumu, basi kula zile tu wenyeji wanazokupa.

Usikanyage barafu bila mwongozaji wa hapohapo, kwa sababu nyufa zake hufunikwa na theluji na kokoto. Usipige hema karibu na mkondo unaotoka kwenye barafu wakati wa joto: Mei 2022 mafuriko kutoka barafu ya Shishper yalibomoa daraja la Hassanabad kwenye barabara kuu.

Beba rupia taslimu za kutosha, maana mashine za kutolea fedha ni chache, pamoja na betri ya akiba, kwa kuwa umeme hukatika sana. Tiketi ya ndege ya kurudi nyumbani ikatwe kwa kuacha siku mbili kamili Islamabad, na fedha za siku hizo zitengwe tangu mwanzo.