Kabla ya kuchajia simu kwenye kompyuta ya Linux au BSD

Tundu la USB halifanyi kazi kama chaja ya ukutani. Kwa kanuni za USB 2.0, simu inaruhusiwa kuvuta miliampea 100 tu mpaka kompyuta iitambue na kuipa usanidi (configuration). Hapo ndipo hupanda hadi 500. Kwenye USB 3.0 ni 150, kisha 900. Simu inayoonyesha alama ya chaji huku asilimia ikigoma kupanda, mara nyingi imekwama kwenye kiwango cha chini, na skrini ikiwaka inakula chote kinachoingia.

Anza na waya. Nyingi za bei rahisi zina nyuzi mbili za umeme tu, hazina za data, kwa hiyo kompyuta haiwezi kuitambua simu. Kwenye Linux, andika kwenye terminal lsusb, amri inayoorodhesha vifaa vya USB, kabla ya kuchomeka, kisha urudie baada ya kuchomeka: usipoona mstari mpya, jaribu waya mwingine kwanza. Soma pia maandishi kwenye ganda la waya. Ukikuta 28AWG/1P+24AWG/2C (AWG ni kipimo cha unene wa uzi), 24 ndiyo ya nyuzi za umeme, na kadiri namba ilivyo ndogo ndivyo uzi ulivyo mnene. Waya mrefu wenye 28 pande zote mbili hupoteza volti njiani.

Chomeka moja kwa moja kwenye kompyuta. Ikiwa ya mezani, tumia matundu ya nyuma. Habu (kifaa cha kuongeza matundu ya USB) isiyo na adapta yake ya umeme hutoa miliampea 100 kwa kila tundu, na simu ikiomba 500 kerneli, yaani kiini cha mfumo, hukataa. Ukiandika dmesg, amri inayoonyesha ujumbe wa kerneli, utaona "rejected 1 configuration due to insufficient available bus power". Dawa ni habu yenye adapta. Zipo habu zenye adapta ambazo hujitambulisha vibaya kana kwamba hazina. Kwa hizo tu, ukiwa root (msimamizi wa mfumo), lazimisha usanidi:

echo 1 > /sys/bus/usb/devices/1-2/bConfigurationValue

Hiyo 1-2 ni mfano. Njia halisi ya simu yako imo kwenye dmesg. Usilazimishe kwenye habu isiyo na adapta, maana volti itashuka na vifaa vingine vitaanza kukatika.

Kinachosumbua zaidi kwenye laptop ni programu za kubana umeme. Kwa kawaida Linux huiacha simu ikiwa "on" katika faili ya power/control, lakini amri ya kubana umeme powertop --auto-tune huigeuza kuwa "auto". Kifaa kikitulia kwa muda, kwa kawaida sekunde 2, kerneli inaweza kukilaza, na kifaa kilicholazwa hakiruhusiwi kuvuta zaidi ya miliampea 2.5. Ndiyo maana chaji huingia kidogo kisha ikakata. Rudisha "on" kwa echo kwenye faili hiyo ya power/control, iliyo katika folda ileile ya simu chini ya /sys. Kama unatumia TLP, programu nyingine ya kubana umeme, weka USB_EXCLUDE_PHONE=1 ndani ya /etc/tlp.conf.

Kwenye FreeBSD, usbconfig list huonyesha kila kifaa na hali yake, mfano pwr=ON (500mA). Ukiona SAVE, andika usbconfig -d ugen0.2 power_on, ukiweka namba ya simu yako. Kwenye OpenBSD tumia usbdevs -v.

Miliampea zinazoonekana hapo, kama ilivyo MaxPower ya lsusb -v, ni kiasi ambacho simu imeomba. Hazithibitishi kwamba kinaingia. Kwa Android, washa USB debugging, kisha andika kwenye kompyuta adb shell dumpsys battery (adb ni zana ya kuwasiliana na simu ya Android): tafuta "USB powered: true", na "Max charging current" ya 500000, ambazo ni mikroampea, yaani miliampea 500.

Ukifunga kifuniko laptop ikalala, matundu mengi hukata umeme. Kwenye baadhi ya laptop lipo moja lenye alama ya radi linaloendelea, nalo huwashwa kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya kompyuta. Na simu iliyokauka kabisa ipe nusu saa ikiwa imezimwa, kwani haiwezi kujitambulisha kwa kompyuta kabla haijapata nguvu ya kuwaka.