Lori kuukuu linavuja dizeli: anza kutafuta juu, si chini

Dizeli haidondoki pale inapovujia. Hutambaa kwenye bomba, upepo wa feni ukaisukuma nyuma, ikateremka ubavuni mwa injini, na tone unaliona kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini), mbali kabisa na ubovu wenyewe. Niliwahi kufungua pampu ya nozeli nzima (ile inayosukuma dizeli kwa presha hadi kwenye nozeli, zinazoinyunyiza ndani ya injini), nikabadilisha sili zake, nikairudisha, na kesho yake lori likavuja vilevile. Kumbe ni kimpira cha kurudishia mafuta juu ya nozeli ya tatu, hakizidi urefu wa kidole, kimepasuka upande wa chini. Tangu siku hiyo sishiki spana kabla sijaosha injini.

Haya ninayoeleza ni ya injini za zamani zenye pampu ya kimakanika. Injini za kisasa zina presha kubwa mno. Huko usilegeze nati ya bomba la nozeli hata kidogo injini ikiwaka.

1. Osha, kausha, paka poda

Injini iwe baridi. Funika oltaneta na stata kwa nailoni, osha kwa dawa ya kuondoa grisi, kisha kausha. Nyunyiza poda nyeupe kwenye maungio yote: filta, pampu, nati za mabomba, vichwa vya nozeli. Washa injini, iache kwenye silensa (izunguke polepole bila kukanyaga mafuta) kwa dakika 10, wewe uko na tochi. Poda hulowa mahali panapovuja kwanza. Pakilowa pengi, fuata palipo juu zaidi na karibu zaidi na feni.

Usipapase kwa mkono! Nozeli hizi hufunguka kwa presha ya bar 100 na zaidi, nyingine hupita 200. Mafuta yanayochomoka kwenye ufa mwembamba hayaonekani, na hutoboa ngozi. Utahisi kama umechomwa sindano tu, lakini hiyo ni safari ya hospitali saa hiyohiyo. Pitisha kipande cha kadibodi, kikilowa, umepata.

2. Kama hakuna tone, lakini asubuhi linasumbua

Lori linawaka, linazima, halafu unapiga stata mpaka betri inachoka. Hapo wengi hulaumu pampu ya nozeli. Mara nyingi ubovu uko upande wa kuvuta, kutoka kwenye tangi hadi pampu ndogo ya kuvutia mafuta. Upande huo injini ikiwaka hautoi dizeli nje, bali huvuta upepo ndani. Likilala usiku kucha, mafuta hurudi tangini.

Funga mpira unaoonyesha ndani kati ya filta na pampu ya nozeli, uone kama mapovu yanapita. Kisha ondoa njia ya tangi, uivutishe pampu ndogo kutoka kwenye dumu safi la dizeli. Mapovu yakikoma, shida iko kati ya tangi na pampu hiyo.

Chomoa pia kijiti cha oili. Oili ikiwa imepanda na inanuka dizeli, kiwambo cha pampu ndogo au sili ya shafti ya pampu ya nozeli inavujia ndani. Zima, tengeneza, badilisha oili. Oili iliyochanganyika na dizeli inaua beringi.

3. Kutengeneza

Vimpira vya kurudishia badilisha vyote, maana vilizeeka pamoja. Viwe vya dizeli; mpira wa maji utavimba na kulainika.

Pete bapa za shaba (washa) kwenye bolti zenye tundu la kupitisha mafuta ziwe mpya. Ukizikosa, pasha moto ile ya zamani mpaka iwe nyekundu, itumbukize majini, kisha isugue kwa msasa laini juu ya kioo. Shaba hulainika tena na kukaa vizuri.

Nati ya bomba la nozeli ikivuja, usiikaze kwa hasira. Ilegeze, futa koni (ncha ya bomba inayokaa ndani ya nati), lenga bomba kwa mkono mpaka nati iingie yenyewe, ndipo ukaze, spana ya pili ikishikilia shina lililo kwenye pampu lisizunguke. Tepu ya kuzungushia nyuzi za nati usiweke. Vipande vyake vitaishia kwenye nozeli. Bomba lililopasuka halichomelewi, linabadilishwa. Tazama pia kama klempu yake ipo, maana mtikisiko ndio ulioliua.

4. Toa upepo

Legeza skrubu ya kutolea upepo kwenye filta, piga pampu ya mkono mpaka mafuta yatoke bila mapovu, funga. Fanya hivyo hivyo kwenye pampu ya nozeli. Likigoma, legeza nati mbili za upande wa nozeli nusu mzunguko, zifunike kwa kitambaa, kaa mbali, mwenzako apige stata. Mafuta yakitoka, mwambie aache, kisha uzikaze.

Futa kila ungio, tandika kadibodi safi chini, uliache lilale. Asubuhi tazama kadibodi kabla ya kuwasha, halafu rudia kuangalia baada ya safari ya kwanza yenye mzigo.