Gari limeisha deni: ulitunze au ulibadilishe?

Fundi akitaja bei ya tengenezo kubwa, wengi huilinganisha na bei ambayo gari lingeuzwa. Hesabu hiyo inapotosha, kwa sababu ukishaliuza bado utahitaji usafiri. Linganisha gharama ya mwezi ya kubaki nalo na gharama ya mwezi ya utakalonunua.

Hatua ya 1: Risiti za miezi 24. Weka kando tairi, pedi za breki, betri, plagi, oili na filta. Vitu hivyo hata gari jipya litavidai. Zilizobaki (rejeta, gia boksi, steringi, umeme) zijumlishe, ugawe kwa 24. Ukiona kifaa kilekile kimebadilishwa mara mbili, chanzo cha tatizo hakijaguswa bado. Hilo lisikufanye useme gari limechoka.

Hatua ya 2: Chasisi kabla ya injini. Injini hubadilishwa, lakini bodi iliyooza haina spea. Inua gari kwa jeki kisha ulikalishe juu ya stendi. Usiingie chini likiwa limeshikwa na jeki peke yake. Kwa bisibisi bapa, gonga na kuchokoa pale mikono ya sasipenshoni na shokapu zinapofungwa, na kingo za sakafu chini ya milango. Kutu ya juujuu hukwanguka na chuma chini yake hulia kwa ugumu. Bisibisi ikizama, chuma kimeoza. Kikiwa kimeoza sehemu inayoshika sasipenshoni au mkanda wa usalama, usiendelee na hatua nyingine: achana nalo.

Hatua ya 3: Injini. Iwashe ikiwa imelala usiku kucha. Moshi wa buluu unaotoka kidogo na kupotea mara nyingi ni sili za valvu. Moshi mweupe mzito usiokoma injini ikishapata moto, huku maji ya rejeta yakipungua, huelekeza kwenye gasketi ya silinda hedi, yaani kizibo kilicho kati ya kichwa cha injini (hedi) na bloku yake. Uji wa rangi ya maziwa chini ya kifuniko cha oili usikutishe upesi: safari fupifupi nazo huuleta. Ukiuona hadi kwenye kijiti cha kupimia, hapo maji yameingia kwenye oili.

Kisha pimisha kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya kila silinda. Injini iwe na moto, betri imejaa, plagi zote zimetolewa, mafuta na umeme wa plagi vimekatwa, na pedali ya mafuta imekanyagwa hadi mwisho. Pedali isipokanyagwa, vipimo vyote vitasoma chini na utalaumu injini nzima bure. Tofauti kati ya silinda ikizidi takriban asilimia 15, tia kijiko cha chai cha oili kwenye tundu la silinda dhaifu, upime tena. Ikipanda, ringi (pete za pistoni) zimekwisha. Isipopanda, ni valvu au gasketi. Kipimo hiki kinabadilisha bei sana: hedi hufunguliwa injini ikiwa palepale, ila ringi zinadai injini ifumuliwe.

Hatua ya 4: Hesabu. Tuseme tengenezo ni 900 na litakupa miezi 18: hiyo ni 50 kwa mwezi. Wastani wa hatua ya 1 ni 40. Gari likiuzwa leo ni 1,800, baada ya miezi 18 ni 1,260, basi linashuka 30 kwa mwezi. Jumla 120.

La kubadilisha: bei 12,000, baada ya miaka 5 litauzwa 6,000. Limeshuka 100 kwa mwezi. Ongeza riba 40 na ziada ya bima 25, upate 165. Likila mafuta kidogo kuliko la zamani, punguza tofauti hiyo. Usitumie rejesho zima la mkopo kama gharama, maana sehemu yake inabaki kwenye thamani ya gari.

Kwa mfano huu, tengeneza. Ukiamua kuuza, uza kabla ya tengenezo kubwa, kwani mnunuzi ni nadra kukurudishia fedha yote uliyoweka kwenye injini.