Kushusha mradi wa Git bila kumaliza bando

Kwa mnaoandika programu mkiwa Kigoma na mtandao wa simu: git clone (amri ya Git, programu ya kutunza matoleo ya msimbo, inayonakili mradi mzima kutoka mtandaoni) ikikatika katikati haiendelei ilipoishia, inaanza upya, na bando limeshaliwa. Anza na git clone --depth 1 kisha anwani ya mradi. Inashusha toleo la mwisho tu, bila historia ya mabadiliko. Mtandao ukitulia, ongeza historia hiyo kidogo kidogo kwa git fetch --deepen=200, yaani mabadiliko 200 ya nyuma kila mara. Ukikatika hapo, unapoteza kipande hicho tu. Ila kabla historia haijatimia, git blame (amri inayoonyesha nani aliandika kila mstari) itamsingizia mtu mmoja mistari yote ya zamani, na matawi mengine (njia za kazi zinazoenda sambamba ndani ya mradi) hayaji mpaka uweke --no-single-branch mwanzoni. Mradi uliojaa picha na video? Hapo --depth 1 haisaidii sana, uzito uko kwenye mafaili yenyewe.