Feloshipu ya haki za binadamu kwa watu wa jamii za wachache: jinsi ya kuomba

Kama unatoka kwenye jamii ya wachache, iwe ya kikabila, kidini au ya lugha, na tayari unaitetea jamii yako, hii feloshipu ya ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa, OHCHR, inakuhusu kabisa. Ilianza 2005. Unaenda Geneva wiki kadhaa, unafundishwa jinsi mifumo ya UN inavyofanya kazi na namna ya kuitumia, na tiketi ya ndege ya kwenda na kurudi, hela ya kujikimu na bima ya afya wanalipa wao. Mara nyingi wanaipanga iende sambamba na Jukwaa la Masuala ya Wachache linalokutana Geneva kila mwaka, kwa hiyo unakaa ukumbi mmoja na wawakilishi wa serikali yako na unaweza kuomba nafasi ya kusema.

Ila usikimbilie fomu, anza na watu wako. Hii feloshipu huiombi kama mtu binafsi anavyoomba skolashipu, unatakiwa upendekezwe na shirika au jamii yako, na barua yao ndo inabeba uzito wote. Kaa na viongozi, kina mama, vijana, waulize wangetaka upeleke nini kule na ukirudi uwafanyie nini. Barua inayosema fulani ni mchapakazi na mwaminifu haisaidii chochote. Iseme wewe ni nani kwao, umefanya kazi gani nao, kwa nini wamekuchagua wewe, na mafunzo utayarudishaje, kisha isainiwe na mwenye mamlaka.

Sasa maelezo yako binafsi. Hapa watu wengi wazuri wanaachwa, na inaniuma, kwa sababu wanaandika tu kwamba jamii yetu inabaguliwa na kunyanyaswa, wanaishia hapo, yaani anayesoma hajui nani kafanya nini na lini. Andika jambo moja au mawili kwa undani, mfano watoto wanaanza shule kwa lugha wasiyoielewa, eleza tangu lini, ofisi gani mmeiandikia, ikajibu nini, kisha uliunganishe na haki yenyewe. Kifungu cha 27 cha Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa kinalinda utamaduni, dini na lugha za wachache, na Azimio la UN la 1992 kuhusu haki za wachache, kifungu cha 4, linazitaka serikali, pale inapowezekana, ziwape watu nafasi ya kutosha ya kujifunza lugha yao ya mama au kufundishwa kwa lugha hiyo. Lile azimio ni fupi, lisome lote kabla hujaandika.

Ukitaja mateso ya watu wengine omba ruhusa yao kwanza, na kama hali ni ya hatari ficha majina, usalama wao ni muhimu kuliko maombi yako.

Mpango wa baada ya kurudi uwe wa kutekelezeka. Usiahidi kubadilisha katiba. Sema utafundisha kina nani, wapi, kwa lugha gani, au kwamba mtaandaa ripoti ya jamii nchi yenu itakapofikiwa kwenye Tathmini ya Mara kwa Mara ya Baraza la Haki za Binadamu, UPR, yaani ukaguzi wa hali ya haki za binadamu ambao kila nchi mwanachama wa UN inapitia.

Lugha ya programu nayo iangalie mapema, kila tangazo linataja inayotakiwa na lazima uimudu, sio kuamkia tu. Pasipoti nayo ianze kushughulikiwa sasa hivi, hasa kama kwenu watu wa jamii yako wanazungushwa kwenye vitambulisho.

Kama wewe ni wa watu wa asili kuna feloshipu yao ya tangu 1997, na watu wenye asili ya Afrika wanaoishi nje ya bara wana yao iliyoanza 2011, kwa hiyo chagua inayokufaa. Matangazo yapo kwenye tovuti ya OHCHR na kuomba ni bure, mtu akikudai ada ya fomu au ya kukuharakishia huyo ni tapeli.