Kuomba pesa za umma kusafisha kiwanja chenye sumu Malindi: anza na karatasi za ploti

Mwongozo huu ni wa kikundi cha mtaa au kamati ya wadi iliyo na kiwanja kama jineri ya pamba iliyofungwa, bohari la dawa za mimea, au gereji iliyomwaga oili miaka na miaka, na mwenyewe haonekani.

1. Chagua mlango

Milango ni miwili. Wa kwanza ni Mfuko wa Kitaifa wa Kurejesha Mazingira, uliowekwa na kifungu cha 25 cha sheria ya mazingira ya 1999 (EMCA) chini ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Mfuko huu ni wa pale ambapo mchafuzi hajulikani, au hali imekuwa ya kipekee hadi NEMA ilazimike kuingilia. Wa pili ni bajeti ya Kaunti ya Kilifi.

Mchafuzi akijulikana, mambo hubadilika. NEMA inaweza kumpa amri ya kurejesha mazingira chini ya kifungu cha 108 asafishe kwa pesa zake, na akikaidi, ifanye kazi yenyewe kisha imdai gharama. Kwa hiyo swali la kwanza utakaloulizwa si udongo una nini. Ni nani aliyeuchafua.

2. Mwenye ploti, na aliyechafua

Hapa ndipo maombi mengi hukwama. Hao wawili huenda wasiwe mtu mmoja, kwa hiyo fungua faili mbili.

Faili ya ploti: fanya upekuzi wa hati, ile watu wanayoiita sachi. Ploti nyingi za mjini Malindi hutajwa kwa nambari ya poshoni, na hati zake za zamani zina nambari ya CR, yaani sajili ya Pwani. Mara nyingi faili ya ploti kama hiyo iko Mombasa, siyo Kilifi. Ukienda na nambari ya poshoni peke yake utazungushwa. Tafuta CR kwanza, kwenye nakala ya hati au kumbukumbu za kodi ya ardhi katika ofisi ya manispaa. Ploti za skimu za makazi ni habari nyingine: hizo zina jina la eneo na nambari, na hupekuliwa Kilifi.

Soma tarehe ya mwisho ya lizi, yaani mkataba wa kumiliki ardhi kwa miaka maalum. Lizi ikiwa imekwisha, kiwanja hakina mwenye hati tena na hoja yako kwa serikali inapata nguvu. Lakini aliyekuwa na lizi ndiye wa kwanza kufikiriwa akiomba upya, kwa hiyo uliza kama kuna ombi lililokwisha kuwasilishwa.

Faili ya mchafuzi: ikiwa ni kampuni, toa CR12, hati rasmi ya taarifa za kampuni, kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Angalia usichanganye: CR ya ardhi na CR12 ya kampuni hazihusiani hata kidogo, na barua iliyochanganya hizo mbili hurudi. CR12 huonyesha wakurugenzi. Kampuni ikiwa imefutwa kwenye sajili, mali iliyoacha bila mwenyewe huwa ya Serikali. Ikiwa mikononi mwa mfilisi, mfilisi ndiye anayeandikiwa.

Jina la kampuni halijulikani? Waulize wazee waliofanya kazi pale wakuonyeshe taarifa zao za NSSF. Jina la mwajiri limeandikwa humo pamoja na vipindi vya michango, na karatasi hiyo ina uzito kuliko hati za kiapo kumi. Ofisi ikikataa kutoa rekodi, andika ombi chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Wana siku 21 za kujibu.

3. Pima

Fanya kabla ya masika. Gawa kiwanja kwa miraba ya mita 10. Kwa madini kama risasi (lead), chota sehemu tano katika kila mraba, changanya kwenye ndoo safi ya plastiki, kisha utoe sampuli moja ya sentimita 0–15 na nyingine ya 15–30. Kwa petroli na dizeli usichanganye, maana hupeperuka. Jaza chupa ya kioo hadi mdomoni na uiweke kwenye barafu. Chukua sampuli moja mbali, mahali ambapo hapakuwa na kiwanda. Bila hiyo, mtu atasema udongo wa Malindi ndivyo ulivyo.

Pima visima pia. Ardhi yetu ni mchanga juu ya mawe ya matumbawe, maji hayachujwi sana. Kiwango cha WHO cha risasi katika maji ya kunywa ni miligramu 0.01 kwa lita.

4. Hesabu ya malori

Usiandike "kiwanja chote". Kiwanja cha mita 20 kwa 30, kikichimbwa sentimita 30, ni mita za ujazo 180. Kwa tani 1.6 kila moja, ni tani 288: safari 15 za lori la tani 20. Sampuli zikionyesha uchafu uko kwenye kona ya mita 6 kwa 10 tu, hata ukichimba sentimita 60, ni tani 58, safari tatu. Maabara inayoonekana ghali hujilipa hapa. Weka pia gharama ya msafirishaji mwenye leseni ya NEMA na fomu za kufuatilia taka. Lori la kokoto halifai.

5. Kalenda ya kaunti

Mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa kwenye bunge la kaunti kufikia 1 Septemba, mkakati wa fedha 28 Februari, makadirio 30 Aprili. Ukija Mei umechelewa mwaka mzima. Peleka memoranda, yaani ombi lako la maandishi, Julai, ikiwa na jina la wadi, tani, na bei.

6. Barua

Nakala mbili za karatasi, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na irudi kwako. Barua pepe ni ya ziada. Mahakama ya Mazingira na Ardhi ipo hapa Malindi, lakini iache iwe ya mwisho: kesi ya sumu ya risasi ya mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, ilifunguliwa 2016 na Mahakama ya Juu ikatoa uamuzi Desemba 2024.