Una miaka 50 kwenda juu na unatumia ARV? Anza mazoezi na kiti

Wazee wangu mnaoishi na VVU, mkiambiwa mazoezi wengi mnawaza kutembea tu, na kutembea ni kuzuri sana ila hakutoshi, mi naomba muanze na kiti. Chukua kiti cha kawaida kisicho na magurudumu, kiegemeze ukutani kisiteleze, kaa kwa mbele kidogo, miguu iachane usawa wa mabega, kunja mikono kifuani alafu simama taratibu na ukae taratibu bila kujibwaga. Anza na mara 5. Zikikushinda jisukume kwa mikono, hakuna aibu hapo, zikiwa rahisi panda hadi 8, hadi 10, pumzika dakika moja au 2 urudie. Fanya siku 2 au 3 kwa wiki na usizifuatanishe, misuli inahitaji siku ya kupumzika katikati.

Kwanini miguu kwanza? Virusi hata vikishadhibitiwa na dawa, ndani ya mwili kunabaki uvimbe wa chini chini (yani kinga ya mwili inabaki imeamka muda wote) ambao huusikii wala huuoni, na huo unachangia misuli kuisha mapema na mishipa ya moyo kuharibika. Mifupa nayo inapungua nguvu kwa VVU vyenyewe na ile ARV ya tenofovir, aina inayoandikwa TDF, inaongezea kidogo, yani ukianguka uko kwenye hatari ya kuvunjika kuliko mwenzio wa umri huohuo. Tafadhali asiache mtu dawa kwa kusoma haya!! Dawa ndo inakuweka hai. Kama una wasiwasi na mifupa ongea na daktari wako, kuna vipimo na kuna dawa mbadala.

Na ile hofu kwamba ukitoka jasho CD4 (zile chembe za kinga) zinashuka au virusi vinaamka, hapana, imeshachunguzwa sana, mazoezi ya kiasi hayafanyi hivo.

Kabla hujaanza muone daktari kama una presha, sukari, moyo, au nyonga inauma ukikanyaga, nyonga usiipuuzie kabisa kwasababu wenye VVU wanapata zaidi ule ugonjwa wa mfupa wa nyonga kukosa damu.

Waliowahi kutumia dawa za zamani kama stavudine wengi wamebaki na ganzi au nyayo zinawaka moto. Kama ni wewe usifanye peku, vaa viatu vya kufunga visivyobana, na ukimaliza kagua nyayo kwa macho maana lengelenge unaweza usilisikie kabisa. Zoezi la balansi usiliruke: simama karibu na meza, shika, inua mguu mmoja uhesabu hadi 10, badilisha mguu. Ukizoea shika kwa kidole kimoja, ila mwenye ganzi asiachie meza. Anayetumia ARV ya efavirenz na anaamka na kizunguzungu asubiri kiishe kwanza.

Mikono ni rahisi, sukuma ukuta kama unataka kuusogeza au nyanyua chupa mbili za maji, usibane pumzi tu, ukibana presha inapanda, toa pumzi pale unaponyanyua.

Kutembea sasa. Shirika la Afya Duniani linasema angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kati, na unaweza kuzigawa 10 asubuhi 10 jioni hadi zifike. Mwendo wa kati ni ule ambao unaweza kuongea lakini kuimba huwezi. Kifua kikibana, ukiona giza au pumzi ikikata, simama hapohapo na utafute msaada. Siku ya homa au kuharisha lala tu.

Kitu kingine, watu wakianza mazoezi wananunua vidonge vya kalsiamu na madini ya chuma. Kama unatumia ARV ya dolutegravir hivyo vidonge vinaizuia isiingie vizuri mwilini, kwahiyo meza dolutegravir masaa 2 kabla yake au masaa 6 baada yake, au vyote pamoja na chakula, na mwambie anayekupa dawa.

Mara moja kwa mwezi hesabu umesimama na kukaa mara ngapi ndani ya sekunde 30, andika na tarehe, nenda nayo kliniki. Namba ikianza kushuka na hujaumwa, mwonyeshe daktari mapema usisubiri uanguke.